Alvina na Leander, Mgongo kwa Mgongo

Ukifika kwetu, magharibi ya Kansas, ukauliza nyumba ya Alvina Pfannenstiel, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuonyesha barabara, kisha atakushika mkono akusimulie habari za ndama wa Gilbert Weigel. Msikilize, ila usiamini yote. Watu wametia chumvi mno. Wapo wanaoapa kwamba Alvina aliua koyote wawili kwa risasi moja. Si kweli. Zilikuwa risasi mbili, na mimi nilikuwepo, nimesimama kando ya zizi la Gilbert na darubini shingoni.

Mume wangu ni mpwa wa Leander, mume wa Alvina, na tangu niolewe huku, miaka thelathini sasa, namwita Alvina shangazi. Ni mwanamke mfupi, mikono mifupi, miguu myepesi, na ulimi ambao hauna kibaraza: ukigonga tu, umeshaingia ndani. Amezaa mabinti watatu, ameendesha malori ya ngano kila mavuno tangu akiwa na miaka kumi na minne, amevuta ndama tumboni mwa mama zao usiku na mchana. Lakini mpaka anavuka miaka sitini alikuwa hajawahi kupiga risasi hata moja. Mwenye sifa ya bunduki nyumbani alikuwa Leander.

Na sifa ile ilikuwa ya haki. Nchi yetu haina msitu wa kujificha. Ni mashamba ya ngano, mabua ya mtama, malisho, na seng'enge iliyofungwa kwenye nguzo za mawe walizochonga mababu. Mtu akisimama anaonekana kutoka mnara wa kanisa hili mpaka mnara wa kanisa lile. Koyote, yule mnyama mkubwa kuliko mbweha na mdogo kuliko mbwa mwitu, anakuona wewe zamani kabla hujamwona. Humfuati ukampata. Anayetaka kumpata lazima amfanye aje mwenyewe. Leander alikuwa na filimbi aliyoichonga kwa pembe ya ng'ombe, akiipuliza unasikia sungura anayeliwa akiwa hai, mpaka mwili unakusisimka. Mbweha mwekundu Leander alimwita bila filimbi. Aliweka midomo nyuma ya kiganja, akavuta pumzi, ikatoka sauti ya panya. Nimewahi kumwona paka wa jirani akivuka barabara mbio kwa ajili ya sauti ile.

Miaka yote hiyo kazi ya Alvina katika uwindaji ilikuwa kahawa. Wanaume walirudi asubuhi na theluji kwenye viatu, wakaketi jikoni kwake, wakala mikate yake iliyojazwa kabichi na nyama, wakaua koyote wale wale mara ya pili kwa mdomo. Wakiondoka, alipiga deki.

Kisha kisukari kikamla Leander macho. Jicho la kushoto lilianza msimu wa kupanda ngano, madaktari wa mjini wakalichoma kwa mwanga wao, halikurudi. La kulia likafuata. Ilipofika Krismasi alikuwa anajua dirisha liko wapi na ukuta uko wapi, basi. Alikuwa na miaka sitini na moja. Wenzake walikuja wiki za kwanza, wakaongea kwa sauti kubwa kana kwamba alikuwa kiziwi, kisha wakapungua. Majira ya baridi yote Leander alikaa karibu na redio akisikiliza bei za ng'ombe ambazo hakuwa na haja nazo.

Siku moja ya Septemba iliyofuata akaja Gilbert Weigel. Shamba lake linapakana na la Leander, na walikuwa wamewinda pamoja tangu shule. Nilikuwa pale namsaidia shangazi kukata kabichi. Gilbert hakufuta viatu. Aliketi, akanywa kahawa, akazungukazunguka kwa maneno, halafu akasema, "Leander, ile bunduki yako inaliwa na kutu tu kule ndani. Niachie mimi. Utasema unataka nini, nitatoa."

Leander akasema, "Ichukue."

"Haiuzwi," Alvina alisema, bado ameinamia beseni.

"Alvina, mwenyewe kashasema..."

"Nimemsikia. Sina kasoro ya masikio. Haiuzwi."

Gilbert akacheka. "Sasa ataipiga nani? Wewe?"

"Mimi."

"Haya mama! Utawapiga kwa bunduki au utawarushia mikate?"

"Wewe nitakurushia vyote viwili. Na kabla hujatoka, chukua hilo tambara, futa tope lako."

Alilifuta, huku anacheka. Baadaye shangazi aliniambia neno lile lilimtoka kabla hajalifikiria. "Nilitaka tu atoke jikoni kwangu," alisema. Lakini pikapu ya Gilbert ilipokwisha kuondoka, Leander aligeuza uso kule alikosikia maji ya beseni.

"Ulikuwa unasema kweli?"

"Sijui."

"Basi kesho tutajua."

Hivyo ndivyo kipofu alivyoanza kumfundisha mkewe kulenga shabaha. Watu wakiisikia hii hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Walianzia katika banda la nyasi, bunduki ikiwa tupu. Alvina alikaa chini, kaegemeza mtutu kwenye miti miwili iliyofungwa pamoja, na Leander alikaa nyuma yake, kiganja kimeenea katikati ya mabega ya mkewe. Hakuhitaji macho. Alihisi pumzi, alihisi bega likijikunja kabla ya wakati.

"Unakivuta hicho kifyatulio kama unavuta ndama," alimwambia. "Hatuzalishi hapa."

"Sasa nikivute vipi?"

"Usikivute. Bonyeza. Vile unavyobonyeza donge la unga kuangalia kama limeumuka."

Hilo alilielewa mara moja. Asubuhi mia mbili, jioni mia mbili, bunduki tupu, tik, tik, tik. Wiki ya tatu wakatia risasi. Walibandika sahani za karatasi kwenye robota la majani makavu kule malishoni, na Leander akawa anahukumu kwa sikio.

"Hiyo imekula udongo."

"Umejuaje?"

"Majani husema puf. Udongo husema tap. Sahani haisemi kitu, lakini ukiipata wewe mwenyewe huacha kupumua kidogo. Bado hujaacha."

Waligombana sana wiki zile. Siku moja Leander alimwambia mkewe ana mkono mzito kama wa mama yake mzazi, Mungu amrehemu, na shangazi akarudi nyumbani akamwacha kule malishoni na robota lake. Leander alirudi mwenyewe akiifuata seng'enge kwa fimbo. Siku mbili alipewa supu ya maharagwe isiyo na chumvi. Siku ya tatu aliomba msamaha, na siku ya nne sahani kumi zilitobolewa tisa.

Wakatoka kuwinda mara ya kwanza mwezi wa Novemba, ukingoni mwa mabua ya mtama, jua ndiyo kwanza limepanda. Leander akapuliza pembe. Haikupita muda koyote akatokea kwenye mfereji, akaja, akaja, mpaka hatua arobaini. Akasimama. Alvina akaona manyoya ya kifua chake yakipeperuka. Vidole vikakataa. Koyote akanusa, akageuka, akaenda zake.

"Amekuja?" Leander alinong'ona.

"Hapana."

"Alvina. Mabua yamelia upande wa kushoto, halafu yakanyamaza, halafu yakalia tena yakienda. Usinifanye mimi kipofu mara mbili."

Shangazi akakiri. "Alinitazama, mzee. Alinitazama kama mtu aliyekuja kuuliza njia."

Alidhani atakemewa. Leander alicheka mpaka akakohoa. "Wa kwanza wangu mimi," alisema, "nilitupa bunduki nikakimbia, na kofia nikaiacha. Baba alikwenda kuichukua. Twende tukanywe kahawa."

Aliyemtoa woga ni mbweha. Desemba ile mbweha mwekundu alimzoea shangazi. Alikuwa anaingia bandani mchana kweupe, anaondoka na kuku kama mtu aliyetumwa dukani. Walipofika kuku kumi na mmoja, na wa kumi na mmoja alikuwa yule mtetea wa madoadoa aliyekuwa akila mkononi mwake, Alvina alivaa koti bila kusema neno. Theluji ilikuwa imeanguka. Walikaa nyuma ya tela la kubebea nyasi, Leander akaweka kiganja mdomoni, akalia kama panya. Mbweha alikuja akirukaruka juu ya theluji, mkia nyuma yake kama moto wa kibatari. Shangazi alibonyeza unga.

Leander alipiga magoti, akampapasa mbweha kutoka puani kwenda nyuma. Kidole chake kikapata tundu.

"Nyuma ya bega," alisema. Akapapasa tena, kama haamini. "Upana wa kidole nyuma ya bega. Bibi wee!"

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba tangu macho yazime hakuwahi kuhisi kitu kizuri kama tundu lile.

Tangu siku hiyo walijitungia namna yao. Walikaa mgongo kwa mgongo. Koyote haji moja kwa moja kwenye sauti, huzunguka kwanza apate upepo, kwa hiyo Leander alipuliza akielekea upande mmoja na Alvina alitazama upande ule ambao pua ya koyote ingepitia. Akimwona, humsukuma mumewe kwa bega la kushoto au la kulia, kadiri alivyotokea. Leander hupunguza sauti. Akitaka mnyama asimame, humgonga kwa kisogo, na Leander hubweka mara moja, fupi, "Wau!" Koyote gani asiyesimama kusikiliza hilo? Na hapo Leander huhisi mgongo wa mkewe ukitulia, pumzi imekwisha, na anajua kinachofuata.

Majira yale ya baridi walipata koyote wanne. Hatukumwambia mtu, kwa sababu shangazi alikataza. Alijishonea koti la kitambaa cha pazia kuukuu lenye rangi ya mabua, na lingine kama hilo kwa Leander, na watu waliowaona wakipita na pikapu walidhani wamevaa vibaya tu kwa uzee.

Sasa Februari iliyofuata, ng'ombe wa Gilbert wakaanza kuzaa. Asubuhi ya kwanza alikuta ndama nusu. Siku tatu baadaye akakuta mwingine, na huyu aliliwa kabla hajamaliza kutoka tumboni, mama yake amelala hoi hawezi kuinuka. Sisi wafugaji huku tunavumilia mengi, ila hilo hapana. Gilbert aliwakusanya wanaume. Walikuja na pikapu sita, mbwa wa mbio, redio za kuitana, na zile spika zinazolia sungura kwa betri. Wiki mbili walikimbiza vumbi. Walikuwa koyote wawili, dume na jike, na walikwisha kusoma. Mlango wa gari ukifungwa maili moja, wao wako maili tatu. Spika ikilia, wanakaa juu ya kilima wanasikiliza kama watu wa kwenye tamasha. Ndama wa tatu alikwenda.

Gilbert akaja tena jikoni. Safari hii alifuta viatu. Nilikuwepo, na sioni aibu kusema nilikuwepo kwa makusudi, maana niliiona pikapu yake ikipita nikaifuata.

"Leander," alisema, kofia mkononi, "wewe uliwajua kuliko sisi wote. Niambie nifanye nini."

"Mimi napuliza pembe tu siku hizi," Leander alisema. "Mwenye bunduki yuko pale kwenye unga. Mwombe yeye."

Gilbert akamtazama Alvina, akanitazama mimi, akarudi kwa Leander. Alidhani anataniwa. Leander akanyoosha kidole kuelekea kona ambako ngozi zilitundikwa. Hakukosea hata inchi moja. Gilbert akaziendea. Tano, pamoja na ile ya mbweha. Akazigeuza moja moja, akitafuta matundu.

"Alvina," alisema mwishowe.

"Naam, jirani."

"Nilisema maneno ya kijinga."

"Ulisema. Nimeyaweka. Sasa sikiliza: mbwa wako wote wafunge. Spika zako ziweke kabatini. Na wewe mwenyewe, asubuhi tukiwa malishoni, usisogee nje ya zizi lako."

"Nitakaa."

"Usiwashe hata trekta."

"Na kulisha ng'ombe je?"

"Lini walikuambia wana haraka?"

Asubuhi ya kwanza waliacha pikapu yao barabarani, mwendo wa nusu saa, na wakaenda kwa miguu, Leander ameshika kiwiko cha mkewe. Hawakukaa dakika kumi. Gilbert alisahau, akabonyeza honi ya trekta kwa kiwiko alipokuwa anatafuta glavu. Shangazi alirudi akampitia pale zizini bila kusimama. "Ungeniambia tu kwamba unawapenda," alimwambia, "ningekuletea picha yao."

Asubuhi ya pili upepo ulibadilika katikati ya mwito, ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini. Leander aliuhisi kwenye shavu, akakunja pembe yake. "Wameshatunusa. Twende nyumbani." Shangazi alitaka wangoje. Alikataa. "Wakituona hapa leo, watatujua kesho. Tusiwape somo." Nilidhani Gilbert atakata tamaa. Usiku ule alikaa na ng'ombe wake yeye mwenyewe.

Asubuhi ya tatu ilikuwa baridi kavu, upepo wa kaskazini magharibi, mkali, wa kudumu, upepo wa mtu mwaminifu. Nilikuwa na Gilbert kando ya zizi, kila mtu na darubini yake. Kutoka pale mpaka walipokaa palikuwa kama nusu maili. Nguo zao za pazia zilizama kabisa katika nyasi za malisho. Isingekuwa nimewaona wakikaa, nisingejua kuna watu.

"Wamekaa vibaya," Gilbert alinong'ona. "Wanatazama pande mbili. Mmoja hataona kitu."

"Gilbert," nilimwambia, "mmoja haoni kitu hata hivyo."

Akaguna. Sauti ya pembe ilitufikia kwa vipande, upepo ukiinyakua na kuirudisha. Ikanyamaza. Dakika zikapita. Leander hakuanza tena na sungura. Alianza kulia kama koyote mgeni, sauti ndefu, ya kichokozi. Aliniambia baadaye kwamba wale wawili walikuwa wameshachoka na sungura wa spika, ila mwenye nyumba hachoki kumfukuza mgeni.

"Yule pale," Gilbert alisema, na kiwiko chake kikanichoma ubavuni. "Korongoni. Mama yangu. Wote wawili!"

Dume lilitangulia, kichwa juu, likienda kwa hatua za kujidai. Jike lilibaki nyuma kidogo. Hawakwenda kwa Leander. Walizunguka kwa chini, kama walivyotakiwa, wapate upepo, na kule ndiko shangazi alikokuwa anatazama. Niliona kitu kidogo tu kwenye nyasi, kama mtu aliyejikuna bega. Sauti ya Leander ikapungua mpaka nikadhani imekufa.

"Piga," Gilbert alisema. "Piga, mwanamke. Amelala usingizi huyo?"

"Nyamaza."

"Atamnusa! Bado hatua ishirini atamnusa!"

"Wau!" Hatukuisikia wakati huo huo, tuliona kwanza dume limesimama, ndipo sauti ikatufikia, na mlio wa bunduki juu yake. Dume lilianguka pale pale lilipokuwa, bila kupiga hatua.

Jike likageuka. Sijawahi kuona mnyama akikimbia vile, tumbo karibu na ardhi, anakwenda zake korongoni. Gilbert alitupa kofia chini. "Basi," alisema. "Basi, mmoja ni bora kuliko..."

Hakumaliza. Kule malishoni kukatoka kilio ambacho sikuwahi kumsikia Leander akikitoa, kilio cha kitoto cha mbwa kilichokanyagwa, kwi, kwi, kwi, kikali, cha kukata maini. Alikitoa kwa koo lake mwenyewe, bila pembe. Jike lilikuwa juu ya ukingo wa korongo. Hatua moja tu lingekuwa limetoweka. Likasimama. Likageuza kichwa.

Niliona mabega ya shangazi. Nasema kweli, kwa umbali ule nilihisi kana kwamba pumzi yake imesimama kifuani mwangu mimi. Halafu bunduki ikalia, na ukingo wa korongo ukawa mtupu.

"Kamkosa," Gilbert alisema.

"Twende tukaone."

Tulikimbia, watu wazima wawili, tukiruka mavi ya ng'ombe. Alvina alikuwa bado amekaa, bunduki imefunguliwa. Leander alikuwa ameketi nyuma yake vile vile, uso umeelekea kaskazini, tabasamu limejaa uso mzima.

"Kaangalie kama yupo," aliniambia. "Yeye hataki kwenda kuangalia. Lakini yupo. Mgongo wake haujawahi kunidanganya."

Jike lilikuwa chini ya ukingo, limelala upande, limekufa kabla halijajua. Gilbert alirudi kutoka pale akihesabu hatua kwa sauti kubwa, miguu yake mirefu ikinyooka moja kwa moja mpaka alipofika kwa shangazi. Mia mbili na arobaini na sita. Upepo ule. Baridi ile. Mwanamke wa miaka sitini na miwili.

Alisimama mbele yake. Kisha akapiga goti moja kwenye nyasi ili awe sawa naye, yule mtu mrefu, akasema, "Alvina, mimi nimewinda miaka arobaini na tano. Risasi hiyo nisingejaribu."

"Najua," shangazi alisema. "Ndiyo maana ungemkosa."

Leander alicheka mpaka ikabidi tumwinue.

Sikumwona shangazi akilia pale. Alilia nyumbani, kwenye chumba cha kufulia, na mlango umefungwa, na alipotoka alisema alikuwa anafikiria manyoya ya yule jike, jinsi yalivyokuwa mazuri. Alisema hakufurahi kumuua, alifurahi kumpata. Alisema hayo ni mambo mawili na asitokee mtu wa kumwambia ni moja. Nami sijathubutu.

Habari zilienea kabla ya Jumapili. Baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia, Gilbert alisimama na kikombe cha kahawa akasimulia kila kitu, pamoja na honi ya trekta, pamoja na maneno yake mwenyewe kuhusu mikate. Hakuficha hata moja. Wanaume waliokuja kwa Leander wiki za kwanza kisha wakapungua walisogea mezani. Mmoja akamwuliza, "Kweli Leander, wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilipiga domo," Leander alisema. "Kama nyinyi. Tofauti ni kwamba mimi domo langu lilisaidia."

Tangu siku ile simu ya nyumba yao ilianza kulia kila msimu wa kuzaa. Mfugaji wa kondoo kule mtoni, mwenye bata mzinga upande wa kusini, vijana wawili ndugu waliorithi malisho ya baba yao na hawajui kitu. Wote walikuwa na swali moja: "Alvina yupo?" Leander ndiye aliyekuwa anapokea. "Yupo, ila ana shughuli," alisema. "Niachie mimi ujumbe. Mimi ni karani wake." Alijibu hivyo kwa sauti ambayo zamani alikuwa akiitumia kutaja idadi ya koyote.

Waliwinda pamoja miaka kumi na mitatu. Sitasema walipata wangapi, kwa sababu shangazi haweki hesabu na anasema anayehesabu ana wasiwasi. Kuna asubuhi nyingi walirudi mikono mitupu, na mara moja walipotea kwenye ukungu katika shamba la maili moja la mume wangu mwenyewe, wakatolewa na Leander aliyenusa samadi. Sasa yeye ana miaka sabini na sita, magoti yamemkatalia kukaa chini, na shangazi anatoka peke yake akiitwa. Amejifunza pembe. Leander husema anapuliza kama mtu anayepoza chai. Koyote hawajalalamika.

Mwezi jana wakuu wa parokia walitaka kumpa shangazi cheti, kimeandikwa jina lake kwa dhahabu, apigwe picha. Aliwauliza kama wanaweza badala yake kutengeneza mlango wa jiko la parokia, ambao hauzibi na upepo unaingia kwenye unga. Wakautengeneza. Gilbert ndiye aliyepiga misumari.